Barua Isiyovuka Bahari

Kampuni ya magari ikigundua kwamba imeuza gari lenye kasoro inayoweza kuua, huandika barua. Marekani na Japani barua hiyo ni takwa la sheria, si hisani. Kampuni huchukua namba za chasisi za magari yote yaliyotoka kiwandani na kasoro ile, huzilinganisha na daftari la usajili, hupata jina na anwani ya kila mwenye gari, kisha humwandikia: lete gari lako kwa wakala wetu, tutabadilisha kifaa hiki bila malipo. Huo ndio wito wa kurejesha gari, na umeokoa maisha ya watu wengi. Lakini unafanya kazi pale tu ambapo gari na daftari viko nchi moja.

Gari likipakiwa melini Yokohama na kushushwa Mombasa au Dar es Salaam, usajili wake wa Japani unafutwa. Mmiliki mpya anaandikishwa huku, katika daftari ambalo kampuni ya kule hailiangalii. Barua inakosa pa kwenda, na kasoro imeshateremka bandarini pamoja na gari.

Kati ya kasoro zote ninazozijadili katika kitabu hiki, hakuna inayomhusu msomaji wa pwani yetu kama ile ya mifuko ya hewa ya Takata. Ililazimisha kurejeshwa kwa magari mengi kuliko kasoro nyingine yoyote katika historia ya Marekani: mifuko ipatayo milioni 67 nchini humo, na takriban milioni 100 duniani kote. Adui yake mkubwa ni joto na unyevunyevu, vitu ambavyo Tanga, Unguja na Malindi tunavyo mwaka mzima.

Mfuko wa hewa, au eabegi kama wanavyouita mafundi wetu wa umeme wa magari, umefichwa katikati ya usukani na ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Nyuma ya kitambaa chake kuna kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali inayowaka. Gari likigonga, kihisio hutuma umeme kwenye kopo, vidonge huwaka na kugeuka gesi, na gesi huujaza mfuko. Kazi yote hiyo huchukua kama sehemu 30 hadi 40 za elfu za sekunde. Kila kitu kinategemea kasi ya kuwaka. Vidonge vikiwaka taratibu mno, kichwa cha dereva kinaufikia usukani kabla mfuko haujajaa. Vikiwaka kwa kasi kupita kiasi, shinikizo linapasua kopo lenyewe, na vipande vya chuma vinatoboa kitambaa na kuruka kuelekea shingo, uso na kifua cha mtu ambaye mfuko ule uliwekwa kumkinga.

Takata ilianzishwa mwaka 1933 na Takezo Takada katika mkoa wa Shiga, Japani, ikiwa kampuni ya ufumaji. Kutoka kwenye kamba na vitambaa ilihamia mikanda ya usalama ya magari, ikajijengea jina. Honda ilipomfuata mrithi wa Takezo, Juichiro Takada, ili atengeneze mifuko ya hewa, mzee huyo alisita. Saburo Kobayashi, mhandisi wa Honda aliyesimamia kazi hiyo, amesimulia katika kumbukumbu zake kwamba Takada aliona hatari ya kuifilisi kampuni endapo mifuko hiyo ingeleta balaa. Mwishowe akakubali.

Kuelekea mwaka 2000 Takata ilibadilisha kemikali ya ndani ya kopo. Iliiacha tetrazoli, ikachukua amonia nitreti. Mkulima wa Mbeya au Kitale anamjua ndugu wa kemikali hii, maana ndiye aliyemo kwenye mbolea ya CAN. Wachimbaji migodini wanaijua kama kiini cha baruti ya kupasulia miamba. Na tarehe 4 Agosti 2020 ulimwengu mzima uliiona kazi yake, tani 2,750 zilipolipuka katika bandari ya Beirut. Ni kemikali ya bei rahisi, na Takata ilikuwa kwenye ushindani mkali wa bei.

Shida ni tabia yake. Fuwele za amonia nitreti hubadilika umbo joto linapovuka takriban nyuzi 32 za Selsiasi, na zinapobadilika hutanuka au kunywea kidogo. Tena hupenda maji, hufyonza unyevu wa hewani. Takata iliichanganya na kemikali nyingine ya kuituliza, ikaamini hiyo inatosha. Haikutosha. Kidonge kinachotanuka mchana na kunywea usiku, mwaka baada ya mwaka, huku unyevu ukipenya kwenye kopo, hujaa nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kila ufa ni mahali pengine pa moto kushika. Siku ya ajali kidonge hicho hakiwaki kwa utaratibu tena, kinalipuka.

Wapo waliolijua hili mapema. Wataalamu wa Autoliv, kampuni shindani yenye asili ya Sweden, waliuchunguza mchanganyiko huo wakaukataa. Mark Lillie, mhandisi wa zamani katika kiwanda cha Takata cha Moses Lake, jimbo la Washington, ameeleza hadharani kwamba alitoa onyo tangu miaka ile ya mwanzo. Uzalishaji uliendelea.

Mwaka 2004 mfuko wa Honda Accord ulipasuka huko Alabama na kumjeruhi dereva. Tukio hilo lilichukuliwa kuwa la peke yake. Wito wa kwanza ulitolewa Novemba 2008, ukagusa magari yapatayo 4,000 tu, kwa maelezo kwamba kosa lilikuwa la kiwandani na lilikuwa limekwishadhibitiwa. Mei 2009, jimboni Oklahoma, msichana wa miaka 18 aligongana na gari jingine katika eneo la maegesho. Ilikuwa ajali ndogo, ya mtu kushuka na kukagua bampa. Kipande cha chuma kilimkata shingoni akafariki. Accord yake ya mwaka 2001 haikuwa miongoni mwa yale magari 4,000. Iliingizwa kwenye wito baadaye mwaka huohuo.

Kisa cha Orlando, Florida, cha mwaka 2014 ndicho ninachowasimulia mawakili vijana kila wanaponiuliza kwa nini majeraha yasomwe kwa makini. Mwanamke alikutwa garini baada ya ajali akiwa na majeraha ya shingoni yaliyofanana kabisa na ya kuchomwa kisu, kiasi kwamba wapelelezi walianza kulichunguza jambo hilo kama mauaji. Hakupona. Takriban wiki moja baada ya ajali, nyumbani kwake ikafika barua kutoka Honda ikimtaka apeleke gari likabadilishwe mfuko wa hewa. Huyo alikuwa na anwani, yumo kwenye daftari, anaishi nchi yenye posta ya uhakika, na bado barua ilichelewa.

Ukiutazama mfululizo wote utaona mtindo mmoja. Kila mara wito ulikuwa mwembamba kuliko tatizo. Kwanza ni kundi moja la magari, halafu miaka michache zaidi, halafu majimbo yenye joto tu, halafu upande wa dereva tu, halafu na wa abiria. Baadhi ya waliotii wito wa awali walibadilishiwa kopo bovu wakawekewa kopo jipya lenye kemikali ileile, ikabidi waitwe tena. Novemba 2014 suala hilo lilifika mbele ya Baraza la Seneti la Marekani. Mei 2015 Takata ikakubali rasmi kwamba makopo yake yana kasoro, katika magari karibu milioni 34. Mwaka uliofuata idadi ikapanda tena.

Ukweli uliobaki ulitoka mahakamani. Februari 2017, mjini Detroit, Takata ilikiri kosa la ulaghai mbele ya Jaji George Caram Steeh: kwa takriban miaka 15 iliwapelekea watengenezaji wa magari takwimu za majaribio zilizochezewa. Iliamriwa kulipa dola bilioni 1. Mgawanyo wake unasema mengi. Dola milioni 25 zilikuwa faini. Dola milioni 850 zilikwenda kwa kampuni za magari zilizonunua mifuko hiyo. Watu waliokatwa nyuso na familia zilizozika watu wao walitengewa milioni 125, sehemu moja kati ya nane. Sioni namna ya kuutetea mgawanyo huo. Kampuni za magari zilidanganywa, ni kweli, lakini zilikuwa na wahandisi, maabara na uwezo wa kupima kile zilichouziwa. Dereva hakuwa na chochote kati ya hivyo. Miezi minne baadaye, Juni 2017, Takata ikaomba kufilisiwa, na sehemu kubwa ya mali zake ikanunuliwa na kampuni nyingine.

Turudi kwenye joto. Wataalamu wa kujitegemea walipomaliza uchunguzi wao mwaka 2016, walieleza kwamba mpasuko unahitaji mambo matatu kwa pamoja: amonia nitreti isiyo na kikausha unyevu, kopo linaloruhusu unyevu kuingia, na miaka mingi ya joto kupanda na kushuka. Ndipo mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ikaigawa nchi kwa hali ya hewa. Kanda ya kwanza ilijumuisha Florida, Hawaii, Puerto Rico na mwambao wa Ghuba ya Mexico. Huko kopo liliweza kufikia hatua ya hatari kati ya mwaka wa 6 na wa 9. Kanda ya kati ilipewa miaka 10 hadi 15, na kanda ya baridi 15 hadi 20. Kwa baadhi ya magari ya Honda na Acura ya mwaka 2001 hadi 2003, vipimo vilionyesha kwamba kopo linaweza kupasuka hadi mara 50 katika kila ajali 100 zinazofyatua mfuko.

Ufaransa iliona jambo hilohilo kwa njia ya uchungu zaidi. Sehemu kubwa ya vifo vyake vilivyotokana na mifuko ya Takata imetokea katika maeneo yake ya ng'ambo yenye joto na unyevu, mbali na Paris. Mojawapo ya maeneo hayo, kisiwa cha Réunion, limo katika Bahari ya Hindi hii yetu, mashariki ya Madagaska.

Dar es Salaam mwezi Februari kivuli chenyewe kina nyuzi 31 au 32. Gari lililoegeshwa juani Posta au Kariakoo linavuka kile kiwango cha nyuzi 32 kinachobadili fuwele kabla ya saa nne asubuhi na kurudi chini usiku, kila siku, karibu mwaka mzima. Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka 8, kwa hiyo gari linaweza kushuka Kilindini likiwa tayari na umri ambao Florida ungelitia kwenye orodha ya hatari, kisha likaanza maisha yake ya pili Nyali au Likoni. Tanzania magari ya zaidi ya miaka 10 ni ya kawaida. Na aina zilizowahi kuitwa kwa sababu ya Takata, kama Vitz, Corolla na Honda Fit, ndizo zinazobeba wafanyakazi wetu kazini, watoto wetu shuleni na abiria wa teksi za mtandaoni.

Sisemi kwamba kila Vitz ina kopo bovu. Magari mengi yalirekebishwa Japani kabla ya kuuzwa nje, mengi yalitumia makopo ya kampuni nyingine, na mifuko mingi ya Takata ilifanya kazi yake sawasawa. Wala simshauri mtu yeyote amwambie fundi aung'oe mfuko. Kazi hiyo nayo inaweza kuulipua mikononi mwake. Ninachosema ni kwamba mwenye gari ana haki ya kujua, na kujua kunawezekana. Namba ya chasisi ya gari la Japani, ile yenye herufi na tarakimu zilizotenganishwa na kistari, imeandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti. Toyota, Honda na kampuni nyingine za Japani zina kurasa za intaneti ambapo unaingiza namba hiyo na kuambiwa kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Maandishi ni ya Kijapani, lakini simu nyingi siku hizi zinatafsiri. Watu wengi hukosea kwa kwenda kwenye ukurasa wa Marekani, ambao unataka namba ya tarakimu na herufi 17, na wakikataliwa hudhani gari lao ni salama. Ukipata jibu kwamba gari lina wito, mwandikie wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini mwako, kwa barua au baruapepe, utaje namba ya chasisi, uombe matengenezo, na utunze nakala. Akikataa au akinyamaza, nakala hiyo ni ushahidi kwamba alijulishwa.

Kuna njia nyingine ambayo kopo la Takata hufika kwetu bila hata gari lake. Machi 2017, mjini Las Vegas, msichana wa miaka 18 alijeruhiwa vibaya shingoni na mfuko uliopasuka. Gari lake lilikuwa limewahi kupata ajali kabla hajalinunua, na waliolitengeneza walikuwa wameliwekea mfuko uliong'olewa kwenye gari jingine, gari lililokuwa kwenye orodha ya wito. Anayezijua biashara za spea za Kariakoo na Ilala, au za Grogan na Kirinyaga Road pale Nairobi, ataelewa mara moja. Usukani mzima na eabegi yake hutoka katika gari lililokatwa Japani, ukaingia kwenye kontena, ukatundikwa dukani, bila mtu kujua chasisi ya asili. Spea ya aina hiyo haina historia inayoweza kufuatiliwa. Kwenye breki na mfuko wa hewa, ningemsihi kila mtu asinunue kitu ambacho muuzaji hawezi kusema kimetoka gari gani.

Sasa tuseme ajali imetokea, na mtu ameumia kwa namna isiyolingana na ukubwa wa ajali. Bampa imebonyea tu, ila dereva ana jeraha refu shingoni, au daktari ameona kipande cha chuma kwenye picha ya eksirei. Hapa ndipo haki nyingi hupotea, na hupotea ndani ya siku chache za kwanza.

Taarifa ya polisi katika nchi zetu mara nyingi humtafuta dereva: mwendo kasi, uzembe, kulipita gari jingine vibaya. Ubovu wa gari ukitajwa, humaanisha mwenye gari hakulifanyia matengenezo. Ni nadra sana mtu kuuliza kama kosa lilichorwa kiwandani. Marekani yenyewe ina kisa kinachopaswa kumtisha kila anayeandika taarifa ya ajali. Novemba 2004, Texas, mwanamke alipoteza mwelekeo wa gari lake aina ya Saturn Ion, na mchumba wake aliyekuwa naye akafa. Mwaka 2007 alikiri kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, kwa kuwa hakukuwa na maelezo mengine. Baadaye ikajulikana kwamba swichi ya ufunguo katika magari ya aina hiyo ya General Motors ilikuwa legevu, iliweza kujizima gari likiwa mwendoni, na ikizima, usukani unakuwa mzito na mifuko ya hewa haifyatuki. Novemba 2014 mahakama ilimfutia hatia. Aliishi miaka 10 akiamini, na akiaminiwa, kwamba alimuua mtu aliyempenda.

Kwa hiyo ushahidi wa kwanza ni gari lenyewe. Baada ya ajali kubwa, bima hulipa na kuchukua mabaki, au mwenye gari huyauza kwa wanaonunua skrepa ili apate nauli ya kwenda hospitali. Gari likikatwakatwa, kesi dhidi ya mtengenezaji imekatwa nalo. Liegeshwe mahali salama, lisifunguliwe, lipigwe picha usukani, dashibodi, kitambaa cha mfuko na kibati cha chasisi. Kipande cha chuma alichokitoa daktari kisitupwe. Aombwe akitunze na kukiandika kwenye faili la mgonjwa. Fomu ya PF3 kwa Tanzania, au P3 na taarifa ya polisi kwa Kenya, zieleze jeraha jinsi lilivyo, bila kuishia kwenye maneno "ameumia katika ajali".

Swali la pili ni nani wa kudaiwa, na hapa wengi hukata tamaa kabla ya kuanza. Bima ya lazima tunayoilipia hulipa watu wengine walioumizwa kwa kosa la mwenye gari au dereva wake. Dereva aliyekatwa na mfuko wake mwenyewe hayumo. Abiria naye atapata shida ikiwa dereva hakukosea lolote. Yadi iliyouza gari itasema liliuzwa kama lilivyo. Takata imefilisika. Kampuni ya magari itasema kopo halikutengenezwa nayo, tena gari haikumuuzia mdai, ilimuuzia Mjapani fulani miaka 12 iliyopita.

Hoja hizo mbili za mwisho zilishajibiwa zamani sana, na zilijibiwa kwa sababu ya gurudumu. Donald MacPherson, mkata mawe wa jimbo la New York, alinunua gari la Buick kwa wakala. Gurudumu moja lilikuwa la mbao mbovu. Likavunjika akiwa safarini, naye akaumia. Buick ilijitetea kwamba gurudumu lilinunuliwa kutoka kampuni nyingine, na kwamba mkataba wake ulikuwa na wakala tu. Mwaka 1916 Jaji Benjamin Cardozo wa Mahakama ya Rufaa ya New York alikataa utetezi wote huo. Kitu ambacho kikitengenezwa kwa uzembe kinaweza kumuua mtu, alieleza, kinamfunga mtengenezaji kwa kila atakayekitumia, na anayetoa bidhaa iliyokamilika sokoni hakwepi wajibu wa kukagua vipuri alivyonunua kwingine.

Miaka 16 baadaye, katika kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson iliyoanzia Paisley, Scotland, kwa chupa ya kinywaji cha tangawizi iliyodaiwa kuwa na konokono, Lord Atkin wa Uingereza aliiegemea hukumu ya Cardozo. Mama aliyekunywa hakuinunua chupa ile. Rafiki yake ndiye aliyemnunulia. Hilo halikumzuia kudai. Kesi hiyo ndiyo msingi wa sheria ya uzembe inayotumika mahakamani Nairobi na Dar es Salaam hadi leo. Mmiliki wa nne wa gari, mke wake kwenye kiti cha abiria, na mteja wa teksi, wote wamo ndani ya kanuni hiyo.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa maslahi ya umma, kwa hiyo shirika la walaji linaweza kubeba shauri la watu mia bila kila mmoja kufungua kesi yake. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inabatilisha maneno ya mkataba yanayomnyima mlaji dhamana ya ubora, na hapo kauli ya yadi kwamba gari liliuzwa kama lilivyo inapungua nguvu. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake, yenye jukumu la kumlinda mlaji, pamoja na sheria ya mauzo ya bidhaa inayomlinda mnunuzi. Nchi zote mbili zina sheria zinazowaruhusu wategemezi wa marehemu kudai fidia.

Muda ni mfupi: miaka 3 kwa madai ya jeraha lililotokana na uzembe, Kenya na Tanzania. Kenya, mtu aliyechelewa kwa sababu hakuweza kujua mambo ya msingi, kwa mfano kwamba mfuko wake ulikuwa na kasoro iliyofichwa na mtengenezaji, anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kufungua kesi nje ya muda. Fedha nazo ni kikwazo. Mmarekani maskini aliyeumizwa na Takata alipata wakili aliyekubali kulipwa asilimia ya fidia baada ya ushindi. Sheria ya Mawakili ya Kenya inakataza makubaliano ya namna hiyo. Katazo hilo lina sababu zake, lakini katika kesi inayohitaji mhandisi, maabara na nyaraka kutoka Tokyo, humwacha mjeruhi peke yake mlangoni. Ningependa wabunge walifikirie upya kwa kesi za bidhaa zenye kasoro.

Bado kudai fidia ni kazi inayokuja baada ya mtu kuumia. Kazi ya kabla ni ya serikali, na Australia imeonyesha inavyofanyika. Nchi hiyo ilifunga kiwanda chake cha mwisho cha magari ya abiria Oktoba 2017. Magari yake, kama yetu, hutoka nje. Julai mwaka huohuo mtu mmoja aliuawa Sydney na mfuko wa Takata. Februari 2018 serikali iliacha kusubiri hiari ya kampuni, ikatoa amri ya lazima kwa magari yapatayo milioni 3, na kuyapa makampuni hadi mwisho wa 2020. Majimbo yakakataa kuyasajili upya magari yenye makopo hatari zaidi. Muda ulipokwisha, karibu makopo yote yalikuwa yamebadilishwa au gari limethibitishwa kwamba halipo tena barabarani.

Japani kwenyewe, tangu Mei 2018, gari lenye kopo la hatari ambalo halijabadilishwa halipiti ukaguzi wa lazima. Ukaguzi huo ni wa gari linalobaki kwenye barabara za Japani. Linalofutiwa usajili ili lisafirishwe haliuhitaji. Sisi tunadai nyaraka zetu wenyewe kabla ya gari kuingia, na namba ya chasisi imeandikwa kwenye kila moja, kuanzia hati ya meli hadi ya forodha. Kinachotakiwa ni mstari mmoja wa ziada kwenye fomu ya kuingiza gari: je, chasisi hii ina wito wa usalama ambao haujatekelezwa? Muuzaji wa Japani anaweza kuliangalia hilo kwa dakika chache, kwa lugha yake, na wakala wa kampuni akabadilisha kopo kulekule bila malipo, kabla gari halijapanda meli.